Usifomati Laptopu kwa Sababu ya Dirisha

Watu wangu wa Kaji, kuna tabia za kompyuta ambazo tumezizoea mpaka tunadhani ndivyo kompyuta ilivyo. Dirisha linafunguka mahali hukulitaka. Linakurukia usoni ukiwa katikati ya sentensi. Linajitanua skrini nzima ati kwa sababu ulilivuta karibu na ukingo wa juu. Halafu tunasema "hii mashine imezeeka" na tunaanza kuhesabu pesa za kununua nyingine.

Mi nasema mara nyingi mashine haijazeeka. Kuna mtu mahali fulani aliamua dirisha lifanye hivyo, na kuna mtu mwingine alikasirika kama wewe, akakaa chini, akaandika kiprogramu kidogo cha kurekebisha, kisha akakiweka kwa mtandao bure. Bure kabisa, si ile bure ya siku saba halafu unaitishwa kadi ya benki.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu ya dada mmoja tunayemjua hapa Magadi. Yuko kwa kikundi cha midia cha kanisa, na kila Jumapili anaunganisha laptopu yake na projekta ili maneno ya nyimbo yaonekane ukutani. Kwa laptopu hiyo hiyo ndiyo anarekodi kwaya. Sasa wiki moja akafika nyumbani, akabonyeza programu ya kurekodi, ikaonekana pale chini kwa upau kwamba imefunguka, lakini dirisha halipo. Akabonyeza tena, wapi. Akaitoa programu, akaiweka upya, bado ni vile vile.

Akachukua gari mpaka Kitengela. Ukijua barabara ya Magadi unajua hiyo ni safari ya siku: unapanda Olepolos, Kiserian, unazunguka kote huko ndio ufike barabara ya Namanga. Fundi akaangalia dakika mbili akasema Windows imekufa, lazima ifomatiwe. Shilingi 1,500. Aliporudishiwa mashine, programu ilifunguka vizuri sana. Rekodi za kwaya za mwaka mzima zilikuwa zimeenda, na hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Kwa hizo rekodi kulikuwa na sauti ya mzee mmoja wa kwaya ambaye alikuwa ameshatuacha. Hiyo hairudishwi na mtu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Programu nyingi zinakumbuka mahali dirisha lilikuwa mara ya mwisho. Jumapili dirisha lilikuwa upande wa projekta. Jumatatu projekta haipo, lakini programu bado inalifungua dirisha kule kule, kwa skrini ambayo haiko tena. Windows inafaa kulirudisha, na mara nyingi hulirudisha, lakini kuna programu zinang'ang'ania namba zake za zamani. Ndiyo maana hata kuitoa na kuiweka upya hakukusaidia: zile namba zilibaki kwa mashine. Na ndiyo maana kufomati "kulifanya kazi". Ni sawa na kubomoa nyumba ili upate soksi iliyoanguka nyuma ya kabati.

Dawa yake haihitaji hata programu ya kupakua. Bonyeza ikoni ya programu pale chini ili ndiyo iwe inatumika. Shikilia Alt, gonga ile spesi ndefu ya kibodi. Kimenyu kitatokea hata kama dirisha hulioni. Bonyeza M. Halafu gonga mshale wowote mara moja, kisha sogeza kipanya: dirisha litakuja limeng'ang'ania kipanya kama mtoto amefuata mamake sokoni. Bofya, liache hapo. Kama M haikubali, dirisha huwa limetanuliwa au limeshushwa, kwa hivyo anza na Alt na spesi, halafu R, ndiyo urudie. Sekunde kumi.

Sikasiriki na fundi sana. Yeye pia ndivyo alivyofundishwa: mteja akija na shida, fomati, anayefuata. Lakini wewe mwenye mashine ukijua, hakuna mtu atakuuzia hiyo.

Haya, sasa tuingie kwa zile za kupakua.

Wengi wetu tunatumia laptopu za mtumba, zile wanaziita ex-UK. Ni mashine ngumu, sizidharau, mimi mwenyewe naandika hii nikiwa na moja. Lakini nyingi zake zina skrini ya 1366 kwa 768, na programu za siku hizi zimetengenezwa na watu wenye skrini kubwa kama mlango. Unafungua kidirisha cha mipangilio, kitufe cha kuhifadhi kiko chini ya upau, hukioni, na ukivuta dirisha juu kwa kichwa chake linagoma kupita ukingo. Mtu anakaa hapo anabonyeza Tab na Enter akiomba Mungu.

Hapo ndipo AltSnap inaingia. Ukishikilia Alt, unaweza kushika dirisha mahali popote katikati yake, si lazima kichwani, ukalivuta unakotaka, hata likapita juu ya skrini mpaka kile kitufe cha chini kitokee. Alt na kubofya kulia unabadilisha ukubwa, bila kuwinda ule ukingo mwembamba ambao hata mtu mwenye mkono wa fundi saa angeukosa. Wale wanaotumia Linux wanacheka hapa kwa sababu wao wamekuwa na hiyo kitu miaka mingi. Kwa Windows, jamaa anaitwa Stefan Sundin alitengeneza AltDrag, halafu AltSnap ikaendeleza kazi kutoka pale. Faili yake ni ndogo, haifiki hata MB moja. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuishinda. Mtu anayenunua bando za siku anajua kwa nini nataja hiyo, na mtu mwenye RAM ya GB 4 kwa joto la Magadi, feni ikipiga kelele kama posho mill, anajua zaidi.

Tahadhari mbili kwa wale tunaohariri video na kuchora. Kuna programu za kazi hiyo ambazo zinatumia Alt na kuvuta kwa mambo yao, kama kunakili kitu. Zitagongana na AltSnap. Ingia kwa mipangilio yake, weka kitufe cha Windows badala ya Alt, au iambie isiguse programu hiyo. Ya pili, haitagusa dirisha la programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, labda nayo uifungue hivyo hivyo. Ukiona imegoma mahali pamoja tu, huenda ni hiyo.

Kubwa kuliko hiyo ni PowerToys, na hii inatoka kwa Microsoft wenyewe. Jina ni la zamani, lilianza enzi za Windows 95, likapotea, wakalirudisha 2019, safari hii kodi ikiwa wazi kwa mtu yeyote kuisoma. Ndani yake kuna vitu vingi sana na sitavimaliza. Mimi natumia viwili. Cha kwanza: kitufe cha Windows, Ctrl na T, na dirisha ulilomo linabaki juu ya mengine yote mpaka urudie. Ukiwa unaandika maneno ya video huku inacheza, unapachika kivideo kidogo kwa kona na unaandika chini yake bila kurukaruka. Yule dada wa midia sasa anapachika saa ya kuhesabu dakika juu ya kila kitu, na mhubiri akipitisha muda yeye ndiye wa kwanza kujua, ingawa hakuna anachoweza kufanya. Cha pili kinaitwa FancyZones: unagawanya skrini vipande unavyotaka wewe, halafu ukivuta dirisha huku umeshikilia Shift linaingia kwa kipande chake kama ng'ombe anayejua boma.

Ubaya wake ni uzito. Kuipakua ni zaidi ya MB 200. Ukiwa Kitengela kwa mtu mwenye waifai, ipakue hapo. Usile bando yako ya wiki kwa sababu yangu. Na ukishaiweka, zima vile vipande usivyotumia.

Sasa kuna jambo ambalo linanikera kuliko yote, na hili siwezi kukudanganya kwamba lina dawa kamili. Dirisha kukurukia ukiwa unaandika.

Nilikuwa kwa saiba moja Kitengela, msimu ule wa mwezi wa sita ambapo nchi nzima inakimbizana na ritani za KRA. Mama mmoja wa makamo, shuka begani, alikuwa amekaa kando ya kijana wa saiba. Kijana ana heshima, anamwambia, "Yeyo, nitajie paswadi pole pole." Yeyo anataja herufi moja moja kwa sauti ndogo, anaangalia nyuma kama kuna mtu anasikia. Kijana anaandika akiangalia kibodi. Katikati, programu fulani ya kuchati iliyokuwa imeachwa wazi ikaruka mbele. Nusu ya paswadi ikaingia kwa boksi la iTax, ambapo inaonekana kama vinukta. Nusu nyingine ikaingia kwa kikundi cha watu sijui wangapi, herufi wazi kabisa, na alipogonga Enter ikatumwa. Yeyo hakuelewa kilichotokea. Kijana alielewa, na uso ulibadilika. Akaifuta haraka, na kwa sifa yake akamwambia ukweli na wakaibadilisha paswadi hapo hapo.

Hiyo si "kero ndogo." Kwa mashine inayotumiwa na watu hamsini kwa siku kuingia eCitizen, HELB, na barua pepe zao, dirisha linalojirusha mbele ni mlango umeachwa wazi.

Windows ina kinga yake. Programu iliyo nyuma haifai kujileta mbele ukiwa unaandika. Inafaa kumulika tu pale kwa upau. Lakini kinga hiyo ina mianya, na watengenezaji wa programu wanaijua. Kwa hivyo unapunguza nafasi zao. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda upande wa programu zinazoanza zenyewe mashine ikiwaka, uzime kila kitu ambacho hukukiita. Ingia kwa mipangilio ya programu ya kuchati uiambie isijifungue. Washa hali ya kutosumbuliwa kabla ya kugusa paswadi ya mtu. Na kwa saiba, ningependa iwe kawaida kufunga machati yote kabla mteja hajakaa, kama vile kinyozi anavyobadilisha kitambaa. Sidhani ni kuomba mengi.

Upau wa chini ni kesi nyingine. Zamani ungeweza kuuhamishia ubavuni, na kwa skrini fupi ya 768 hiyo ilikuwa inakupa nafasi ya maana. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja bila hiyo. Windhawk, ambayo pia ni ya bure, ina vinyongeza vidogo vilivyoandikwa na watu, na kimoja kinaurudisha ubavuni. Mimi nilikitumia, kikafanya kazi. Ila ujue inashika mashine mahali pa ndani, kwa hivyo sasisho kubwa la Windows linaweza kuivuruga asubuhi moja. Mashine ya kazi ya watu, kama ya saiba, singeiweka hapo.

Na kabla hujaenda kutafuta majina haya: usibofye tangazo la kwanza. Kuna kurasa zimejaa vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua ambavyo vinakupa kitu kingine kabisa. PowerToys iko kwa Microsoft Store na kwa GitHub. AltSnap iko GitHub, upande wa matoleo. Watu wengi wa rika letu wamelelewa kwa programu zilizokrakiwa, zile za kubebwa kwa flashi na maagizo ya "zima antivairasi kwanza," na wakisikia bure wanadhani ni zile zile. Hapana. Hizi ni bure kwa sababu wenyewe wameandika kwa leseni kwamba ni bure: PowerToys iko chini ya MIT, AltSnap chini ya GPL. Hujaiba kitu, na hakuna mtu anakuambia uzime ulinzi wako.

AltSnap pia ina toleo la kubeba ambalo halihitaji kusakinishwa, unafungua folda na unaiwasha. Kwa hivyo hata mashine isiyo yako, kama mwenyewe amekubali, unaweza kufanya nayo kazi na ukitoka huachi alama. Ninayo kwa flashi. Jumamosi niko Kitengela mpaka saa kumi, na yule dada wa kwaya ameniambia kuna wenzake watatu wa midia wanaikuja, mmoja akiwa na laptopu ambayo fundi ameshamwambia imekufa. Nimemwambia asiiguse mpaka tuijaribu Alt na spesi.