Usiku Tuliomwomba Bibi Atuonyeshe Kilimia

Kila likizo ya Krismasi huwapeleka watoto wetu kwa bibi yao kijijini, wilayani Kondoa. Desemba 2022 tuliamua kutembea pamoja hadi Kolo, kutazama michoro ya kale ya miambani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Tulibeba viazi vya kuchemsha na chai ya chupa. Tulipofika chini ya kilima, bibi alisema, "Tangulieni wanangu, miguu imechoka." Tukamwacha chini ya mti. Watoto walifurahi kuona wanyama na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu.

Usiku, baada ya ugali na mlenda, tulitandika mkeka uani. Hapakuwa na mwezi wala taa, na nyota zilijaa mbinguni. Mtoto wetu mdogo akasema, "Bibi, tuonyeshe Kilimia." Bibi ndiye aliyetufundisha kwamba kikianza kuonekana jioni mashariki, wakati wa jembe umefika, ndiyo maana ya jina lake. Hata kitabu cha Ayubu, sura ya 38, kinakitaja.

Bibi akanyoosha kidole kusini. Watoto wakacheka wakidhani anatania, maana Kilimia kilikuwa juu upande wa kaskazini-mashariki.

"Mama, hukioni?" tukamwuliza.

Akakaa kimya, kisha akajibu, "Huu mwaka wa pili. Sikutaka kuwasumbua, mna ada za watoto."

Tuliona aibu. Mmoja wetu ni muuguzi, na kila Jumapili tunawatembelea wazee wa kanisani kuwauliza afya zao. Mama yetu hatukumwuliza. Kumbe kule Kolo haikuwa miguu.

Asubuhi tulimtazama machoni, tukaona weupe kwenye mboni. Ulikuwa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hauondoki kwa dawa ya matone wala ya mitishamba. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyofifia hutolewa na nyingine huwekwa. Machi 2023 bibi alipasuliwa jicho la kwanza.

Desemba iliyofuata tulitandika tena mkeka ule. Bibi alihesabu nyota sita za Kilimia. Wajukuu wakabisha kuwa ni saba. Tulimshukuru Mungu kwa ubishi ule.

Wazazi wenzetu, mfikapo kijijini likizo hii, msiulize habari za mashamba tu. Waulizeni wazee wenu kama wanaona.