Sakafu na Unyevu wa Chini

Sisi wa Singida twajulikana kwa ukame, kwa hiyo tulidhani unyevu ni taabu ya watu wa pwani. Madrasa yetu i karibu na ziwa Singidani, lenye maji ya chumvi. Tulipomwaga sakafu ya saruji, fundi alitusihi tungoje siku 28 kabla ya kupaka rangi. Tukamharakisha, tupate kusoma Maulidi.

Mvua zilipokuja rangi ikafura malengelenge, ikabanduka, na chini yake ukaonekana unga mweupe wa chumvi. Fedha za wajane zikapotea, nasi tukamlaumu fundi hadharani.

Kumbe maji hupanda kutoka ardhini kwa vitundu vya zege, yakichukua chumvi, na yakikosa njia huisukuma rangi. Basi ajengaye na atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga zege. Mwenye sakafu tayari na abandike kipande cha nailoni, azibe kingo zote, akiache usiku kucha. Akikuta matone chini yake, asipake rangi.

Fundi tumemwomba radhi mbele ya watu wale wale. Haraka ilikuwa yetu, si yake.