Njia ya Kutoka Yerusalemu: Injili ya Kila Wiki katika Mitaa ya Eastlands

Kwa Wakatoliki wa Eastlands, Nairobi, usomaji wa Injili ya kila wiki ulihama taratibu kutoka mimbarini hadi vyumba vya kupanga vya Kaloleni, Makongeni, Jericho na Dandora, na kuhama huko kukabadilisha namna watu walivyoishika imani na walivyotumaini. Mizizi yake imo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), mkutano wa maaskofu wa dunia nzima uliofungua mlango wa ibada kwa lugha za watu na kutaka waamini wote wayafikie Maandiko. Mwaka 1969 ulitangazwa mpangilio mpya wa masomo ya Jumapili unaozunguka kwa miaka mitatu, ambapo mwaka A huongozwa na Injili ya Mathayo, mwaka B na Marko na mwaka C na Luka, huku Yohana akisomwa hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Maaskofu wa AMECEA, yaani chombo kinachounganisha mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo ni vikundi vya majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu na kuitafakari Injili ya Jumapili.

Waliolelewa katika mitaa hiyo hukumbuka chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, jiko likitolewa nje, stuli zikiazimwa kwa jirani na watoto wakisikiliza kutoka kitandani. Jumuiya nyingi zilifuata njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ambayo huanza kwa kumwalika Bwana na kusoma Injili. Katika hatua ya tatu, kila anayetaka hutamka neno au fungu fupi lililomgusa, bila kulifafanua, kisha wote hunyamaza. Hatua hiyo ndogo iliwapa sauti akina mama ambao kanisani walikuwa wasikilizaji tu, kwa kuwa hata asiyejua kusoma aliweza kushika neno moja na kulirudisha kwa wenzake likiwa sala.

Hatua ya sita ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi, maana hapo wanajumuiya waliulizana neno lile linawadai kazi gani: nani amelazwa, nani amefungiwa mlango kwa deni la kodi ya nyumba, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Ilipofika zamu ya Msamaria mwema, Injili ya mwaka C inayosimulia mtu aliyevamiwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, watoto wa Eastlands hawakuhitaji ramani, kwani Jerusalem na Jericho kwao ni mitaa jirani, na mtu aliyeporwa njiani usiku wangeweza kumtaja kwa jina.

Baadaye wengi walihamia maghorofa ya Umoja, Donholm na Kayole, yenye mageti yanayofungwa mapema, na kukutana jioni kukawa kugumu. Parokia nyingi zikaanza kudai barua ya jumuiya kabla ya ubatizo au mazishi, na ingawa sharti hilo lilijaza viti, liliwaleta pia watu waliofuata sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya kuliko neno lenyewe, jambo la kusikitisha.

Machi 2020 ugonjwa wa korona uliyafunga makanisa, na tangu Aprili 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi. Jumapili ya Aprili 26, Injili ilikuwa ya wanafunzi wawili wa Emau, waliomsihi mgeni akae nao kwa kuwa jua lilikuwa limekuchwa. Iliwafikia waamini kwa simu, katika jiji lenye amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Tafakari za sauti zilizotumwa kwenye makundi ya simu ziliwatia moyo wengi waliopoteza vibarua, na hilo lisidharauliwe.

Makanisa yalipofunguliwa, baadhi ya jumuiya ziliendelea kutafakari kwa simu, ambapo hatua tano za kwanza hupita vizuri na mchango hutumwa papo hapo, ila kazi ya kwenda kukesha na mgonjwa hubaki ikingoja mtu wa kujitolea.