Msichana wa Henzirani Aliyepita Nchi Nane

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda gari moshi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, wajua maana ya safari ndefu. Njia ile ina kilomita zipatazo 1,250. Izidishe mara sita na zaidi, ndipo utakapoupata urefu wa njia aliyoipita msichana mmoja mwaka 2021: kilomita 8,000, kutoka Gaziantep, mji wa Uturuki ulio karibu na mpaka wa Syria, hadi Manchester, Uingereza.

Jina lake Amal, neno la Kiarabu lenye maana ya tumaini. Hana damu wala pumzi. Ni mwanasesere mwenye kimo cha mita 3.5, aliyeundwa kwa henzirani na nyuzi za kaboni na mafundi wa kundi la Handspring la Cape Town, Afrika Kusini. Ndani ya kiwiliwili chake husimama mtu juu ya mironjo, kama wafanyavyo baadhi ya wachezaji ngoma wa Kimakonde. Wengine wawili huiongoza mikono yake. Katika hadithi yake, Amal ni mtoto wa Kisyria wa miaka tisa anayemtafuta mama yake. Waliomwongoza, mkuu wao akiwa msanii Mpalestina Amir Nizar Zuabi, walitaka walimwengu wasiwasahau watoto walioikimbia vita iliyoanza mwaka 2011. Wakati huo Uturuki peke yake ilikuwa imewahifadhi Wasyria zaidi ya milioni 3.5.

Haya, tumfuate. Aliondoka Gaziantep Julai 27. Si kila kilomita aliyoitembea kwa miguu, walakini katika kila mji aliopangiwa alishuka na kutembea mitaani, watoto wakimkimbilia.

Alipofika Çeşme, pwani ya Uturuki, mbele yake palikuwa na mkondo mwembamba wa bahari. Hali ya hewa ikiwa njema, kisiwa cha Chios cha Ugiriki huonekana ng'ambo kwa macho. Amal alivuka salama. Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Katika bahari hiyo hiyo, kusini zaidi, familia ya Kisyria ilijaribu kuvuka Septemba 2015 kwa mashua dhaifu, na maiti ya mtoto wao mdogo ikaokotwa ufukoni karibu na Bodrum. Mtoto wa henzirani alifunguliwa njia. Mtoto wa nyama na damu hakufunguliwa.

Wala si wote waliompokea kwa furaha. Huko Ugiriki, madiwani wa eneo la Meteora, penye nyumba za watawa juu ya majabali, walikataa asipite kwao. Mjini Larissa alirushiwa mayai, matunda, hata mawe. Lakini Roma alipokewa na Papa Fransisko, na London watoto walimfanyia sherehe ya kutimiza miaka kumi. Novemba 3 aliingia Manchester, mwisho wa safari yake.

Je, msafara huu ulidai nini? Haukudai sadaka. Ulikumbusha haki zilizokwisha kuandikwa. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema kwamba kila mtu anayeteswa ana haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 wakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake umo hatarini. Wasema pia kwamba aliyetoka moja kwa moja katika hatari, akajitokeza bila kukawia mbele ya wakuu na kueleza sababu zake, asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali. Kwa ufupi, anayebisha hodi asikilizwe kwanza kabla ya mlango kufungwa.

Nasi Waafrika tuliandika yetu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 wasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi yoyote isilihesabu kuwa ni uadui. Tanzania iliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na mwaka 2014 wapatao 162,000 miongoni mwao na wazao wao walipewa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya kazi hiyo.

Sifa hizo ni za jana, na mlango hubishwa kila siku. Leo jioni, ndugu msomaji, wasimulie wanao habari za Amal. Kisha waulize: angalifika mtaani kwetu, si mwanasesere bali mtoto mwenye njaa, asiye na karatasi wala jamaa, tungalimtolea mkeka, au tungaliokota jiwe?