Kanuni Inayokaa Ndani ya Vidole

Hapa Goma hesabu iko hata kwenye kichwa cha msichana anayesukwa mbele ya mlango. Msukaji anashika mafungu matatu madogo kwenye paji la uso. La kushoto linapita juu ya lile la katikati, kisha la kulia, kisha tena la kushoto. Kila hatua anaongeza nywele kidogo, na umbo lile lile linarudi likiwa limenenepa. Umbo linalojirudia hivyo kwa ukubwa mbalimbali linafanana na kile wataalamu wanachoita fraktali. Ron Eglash, Mmarekani, aliandika mwaka 1999 kitabu kizima juu ya fraktali za Afrika, na misuko ya nywele imo.

Claude Shannon, mwaka 1948, alipima habari kwa mshangao: jambo unalolijua mbele halikuletei habari. Wastani wa mshangao huo aliuita entropia. Kama kila mpito wa nywele ungeamuliwa kwa kurusha sarafu, mapito 20 tu yangekuwa na njia zaidi ya milioni 1. Bibi gani angekariri ile moja ya kwake? Lakini kanuni ni fupi: kushoto, kulia, ongeza. Lava ya Nyiragongo iliteketeza nyumba na vitunga mwaka 2002, tena 2021. Misuko ilikimbia na wenyewe mpaka Gisenyi na Sake.

Kanuni peke yake lakini haitoshi. Angalia vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai: mchoro unakwenda kwa mpangilio, halafu ghafla unageuka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hapa alikosea?" Hapana. Mama huyo amegeuza, kisha akaendelea na mgeuko wake. Pale ndipo habari ilipo.

Ndiyo maana sikubali tukisema tumehifadhi mila kwa kupiga picha ya kitunga kilichomalizika. Picha haisemi mkono ulianzia wapi. Bamama waliokimbia Masisi na Rutshuru bila mzigo, kanuni bado wanazo. Tukae nao, tuandike hatua kwa hatua kwa maneno yao, na kila penye mgeuko tuulize: "Mama, hapa ulibadilisha juu ya nini?" Kwa kuanza, daftari moja la shule linatosha.