Barua kutoka Umatengo

Mbinga, Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniuliza ofisi yako ya mizigo ijengwe kwa utamaduni gani, maana sasa unaajiri. Nimezunguka na swali lako huku Umatengo na hadi ziwani. Nikifika mahali pa kazi, naulizia mambo mawili: uamuzi unatoka kwa nani, na hasara inamwangukia nani.

Ngaka, makaa ya mawe yanachimbwa tangu 2011. TANCOAL iliundwa kwa ubia: asilimia 30 za Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na 70 za wawekezaji wa Australia. Kwenye kampuni ya namna hiyo kura hufuata hisa, na amri hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mwendesha mtambo. Wengi huilaumu ngazi hiyo. Mimi siilaumu, maana lori lililosheheni makaa likirudi nyuma penye watu, ni lazima iwepo sauti moja ya kutiiwa.

Kwenye kahawa mambo ni mengine kabisa. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni ya wanachama: kila mmoja ana kura moja, awe na miche mia mbili au elfu tano. Nilikaa kwenye mkutano mmoja, mama mmoja akasimama kuuliza kuhusu makato ya kilo. Alijibiwa, hakuridhika, akasimama tena, na mhasibu akalazimika kuisoma hesabu upya, mstari kwa mstari. Mkutano ulichukua mchana mzima. Ni kweli bei ya mnadani haimngoji mtu, na ushirika umeshawahi kuwaumiza wakulima wa nchi hii kwa viongozi wasioulizwa kitu. Ndiyo maana yule mama alinigusa sana. Asingesimama yeye, kura zile zote zingebaki karatasi.

Lakini nililolipenda kuliko yote ni sengu. Zamani watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na hapohapo wakazungumza mashamba, ugomvi na malezi. Desturi ilififia. Kisha, kijijini Kindimba, mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani ulipoleta mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, wanakijiji waliunda kamati ya kuisimamia wakaiita Sengu. Mashine mpya, adabu ya kale: anayesimamia mali ya wote huongea mbele ya wote.

Ziwani, Mbamba Bay, wavuvi hugawana samaki baada ya kutoa gharama. Usiku ukiwa mtupu, wote wamekosa.

Sasa nirudi kwako. Kabla hujamwita mfanyakazi wa kwanza, niandikie: mzigo wa mteja ukilowa njiani, nani atalipa, na dereva ana ruhusa ya kuamua nini bila kukupigia simu?

Kaka yako