Mbwa, Viunzi na Siri ya Ari

Mwaka wa 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, watazamaji walionyeshwa mchezo mpya uliobuniwa kwa kuiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Mbwa huruka viunzi, hupenya handaki na kupita baina ya vigingi, huku mwenyewe akikimbia kando yake na kumwelekeza kwa sauti na ishara. Kanuni ni kali: mashindanoni ni mwiko kumshika mbwa au kumwonyesha nyama wala mpira. Hivyo basi, mnyama huyo hutegemea hamu aliyojengewa mazoezini.

Hamu hiyo haijengwi kwa ukali. Mbwa anayekaripiwa kila akosapo hatambui kosa lake ni lipi. Huanza tu kuuogopa uwanja. Hupunguza mwendo, hunusanusa nyasi, hugeuza uso. Wengi humwita mkaidi, ilhali amevunjika moyo. Na mara nyingi kosa ni la mwelekezi aliyechelewa kutoa ishara.

Mkufunzi mwenye busara huligawa zoezi katika hatua ndogondogo na kumtuza mbwa papo hapo, kwani chanda chema huvikwa pete. Mbwa akikosa mara mbili tatu, yeye hukirahisisha kiunzi, hapandishi sauti. Aidha, huyakatiza mazoezi mbwa angali na shauku ya kuendelea, ili kesho aje mbio mwenyewe.

Mwalimu yeyote aliyewahi kuliona darasa likisinzia saa nane mchana ataling'amua somo hili bila kufuga mbwa.